Mbuzi wa Pori wa Mama Zaina

Haya, nitawaambia, maana mtaa mzima wa Bwiza mmeshasikia nusu yake, na nusu hiyo ndiyo inayonifanya mwizi.

Ilikuwa mwezi wa saba, nampeleka Mama Zaina Bugarama kununua makabichi (Zaina ndiye niliyekuwa nimemposa, na mama yake alikuwa hajatoa jibu), barabara inapanda, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, ukungu umetanda, mara akanyoosha kidole kwenye jabali: "Saidi, ona mbuzi ya pori ile." Wako watatu, wamesimama juu ya mawe kimya. Mimi ni mtu wa shaka (fundi wa magari haamini hata mshale wa mafuta), nikajiuliza, huyu mama ananipima? Nikikubali ataniona mwanaume wa kuitikia kila kitu, nikikataa ataniona sina adabu. Nikaamua kwenda kuhakikisha kwa macho yangu.

Gari nikaliacha linanguruma, maana demarere yake ilikuwa mbovu na likizimika haliwaki tena (msicheke), nikapanda kwa mikono na magoti. Kufika, mbuzi wa kwanza ana kamba shingoni. Nikaishika nimwonyeshe mama kule chini, "Mama, iko na kamba!", kigingi kikang'oka, mbuzi akashtuka, akateremka mbio, nami kwa ujinga sikuachia, nikaburuzwa mpaka kwenye lami, suruali imechanika nyuma, hadi mlangoni mwa gari.

"Igisuma!" Mwenye mbuzi alitokea kwenye ukungu na jembe, nyuma yake watu wa baiskeli za ndizi. "Mwizi uyu. Ona, na gari aliacha inawaka." Kweli, hata mimi ningejishuku.

Akamgeukia mama. "We mama, unamujua uyu mutu?"

Mama Zaina akaniangalia kuanzia viatu mpaka suruali iliyochanika. Macho yale niliyaogopa kuliko jembe. Mwishowe akasema taratibu, "Ni mukwe wangu." Wakaniacha niende.

Njiani nikamshukuru mpaka akachoka. "Nilisema vile wasikupige," akanijibu, anaangalia dirishani. "Mi sijui ulifuata nini kule."

Zaina nimemuoa, alhamdulillah, lakini siku ya kupanga karamu mama yake alisema mbele ya wazee wote kwamba mbuzi wa karamu atafuatwa na mtu mwingine, Saidi abaki nyumbani. Na mpaka leo nashuku alijua tangu mwanzo kwamba wale ni wa kufugwa. Sitamuuliza. Siku akinionyesha simba juu ya mti, nitasema mashallah na kuendelea kukanyaga mafuta.