Filamu Iliyokataa Kutazamwa Kimya

Jumamosi niliingia sinema moja ndogo ya mji wa Saint Paul, huku ughaibuni, kutazama filamu ya zamani ya mwongozaji mwanamke Mweusi. Mwenyeji wa onyesho alitueleza kwamba ilikaa stoo miaka na miaka kwa kukosa wa kuionyesha, hadi juzi iliposafishwa ikafaa kuonyeshwa tena. Basi tukaitazama, kimya kama watahiniwa.

Mbele yangu aliketi mama Mkenya, bado amevaa sare ya hospitali. Mke kwenye filamu alipomfungia mlango mume mlevi, mama akajipiga paja: "Usimfungulie, dada! Wacha alale nje!"

Mzee wa mlangoni akaja na tochi, kidole mdomoni. "Mama, hapa tunatazama kimya."

Mama akaifunika tochi kwa kiganja. "Mzee, huyu dada mwenye filamu amenyamazishwa kwa stoo miaka hiyo yote. Leo ameongea, na mimi namjibu."

"Mjibu, mama!" ikatoka sauti nyuma yake. Ilikuwa yangu.

Tochi ikazimwa. Kwetu hadithi huitikiwa. Msimulizi asipoitikiwa, huikatiza. Huyu mwongozaji alishakatizwa mara moja. Anayetaka kumkatiza tena, aanze na sisi.