Vibandiko Vinne vya Fundi Fulgensio

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Katika soko la Jebel mjini Juba, jenereta za mafundi zimeshaanza kunguruma, ila ya Fulgensio Kizza bado imenyamaza. Mwenyewe yuko nyuma ya mlango wa chuma alioegemeza ukutani, amepandisha shati, anajifuta tumbo kwa kitambaa kikavu.

Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mzee mrefu mwenye karatasi mapajani. Fulgensio anachana pakiti ndogo, anatoa kipande chembamba kinachong'aa na kukibandika chini ya kitovu.

"Wahid," anasema mzee, akihesabu kwa Kiarabu cha Juba.

Anabandika cha pili. "Tinen." Cha tatu kinakunjamana kidogo, naye mzee anakataa kukihesabu mpaka kinyooshwe. Cha nne kinapokaa sawa, mzee anabonyeza kidole gumba kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi.

"Arba. Kalas, usta," anasema, yaani imetosha, fundi. "Washa jenereta."

Shughuli hii ya dakika tano hufanyika kila Jumatatu na Alhamisi, na maisha ya Fulgensio yameegemea hapo. Fundi huyu wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka 56, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Mwaka huu, kwa kosa lake mwenyewe, nusura aharibu tiba yake na kazi ya madaktari kwa pamoja. Hilo limesawazishwa. Lisilosawazishwa bado ni la mzee anayemhesabia, Arop Nhial, naye ndiye anayemkosesha usingizi fundi.

Fulgensio alitoka Masaka, Uganda, mwaka 2006. Vita vya kusini mwa Sudan vilikuwa vimekwisha, Juba ilikuwa inajengwa, na kila nyumba mpya ilihitaji mlango. Alifika na mashine moja ya kuchomelea na hakuwa na mahali pa kuiweka. Arop, askari mstaafu aliyekuwa na kiwanja kando ya soko, alimtazama akizungukazunguka na mashine mgongoni kwa siku mbili. Siku ya tatu akachukua fimbo, akachora mstari katikati ya kiwanja chake.

"Aliniambia, huku yako, huku yangu," anakumbuka Fulgensio. "Mimi nikauliza, Afande, nitalipa kiasi gani? Akakasirika. Alinuna wiki nzima."

Kwa Arop hadithi hiyo haina maajabu. Kiswahili chake alikiokota Kakuma, kambini Kenya, ambako familia yake iliishi wakati wa vita. "Mtu iko na mashine, hana mahali. Mimi iko na mahali, sina mashine," anasema. "Sasa nini tena?"

Katikati ya mwaka jana, Fulgensio alianza kuona damu kwenye mkojo. Akadhani ni joto la kazi, akaongeza maji ya kunywa. Maumivu ya kiuno yalipomzuia kuinua hata fremu ya dirisha, alipanda basi hadi Kampala. Huko hospitalini akaambiwa jina la ugonjwa, na siku hiyohiyo akaambiwa pia kwamba kuna utafiti.

Aliyemweleza ni Daktari Daphine, mmoja wa wasimamizi wa utafiti huo. Saratani ya aina hii hulishwa na homoni ya kiume, na tiba yake ni kuishusha homoni hiyo. Njia iliyozoeleka ni sindano. Watafiti walitaka kujua kama vibandiko vyenye homoni ya kike, inayopenya kupitia ngozi, vinaweza kufanya kazi hiyohiyo bila kudhoofisha mifupa. Nani apate kipi, iliamua kompyuta.

"Niliuliza kama naweza kuchagua. Daktari akasema hata yeye hawezi," anasema Fulgensio. "Nikapata ya kubandika."

Alirudi Juba na boksi la miezi mitatu. Kila miezi mitatu angepaswa kwenda Kampala kupimwa damu na kurudisha pakiti tupu zihesabiwe. Katikati ya safari hizo angetazamwa na Jedidah, muuguzi Mkenya mwenye kliniki ndogo mtaani Nyakuron, Juba.

Dawa ilifanya kazi. Maumivu yalipungua, na milango mitatu kwa wiki, aliyokuwa ameshindwa kuifikisha, ikafika tena. Ilileta na madhara yake pia. Kifua chake kilivimba na kuuma, kama Daktari Daphine alivyokuwa amemwonya. Tangu hapo Fulgensio havui aproni yake ya ngozi, hata akienda kununua chai.

"Wanasema usta amenenepa, amekula pesa za milango," anasema na kucheka. "Mimi nawaacha waseme."

Mwezi Machi mwaka huu, Arop alikuja upande wa pili wa mstari na kuketi. Kisha akasema kwamba naye anaona damu, na kiuno hakimpi nafasi ya kulala.

Yaliyofuata, Fulgensio anayasimulia akitazama chini. Hakumwambia aende hospitali. Hakumwambia Jedidah. Aliingia ndani, akatoa boksi, akaligawa katikati. Tangu siku hiyo kila mmoja alibandika viwili.

"Huyu mtu alinipa nusu ya kiwanja," anasema. "Mimi ningemwambia nini? Kwamba dawa haigawiki?"

Kwa miezi mitatu hakuna aliyejua. Arop alimletea pakiti zake tupu, Fulgensio akazichanganya na zake, na alipofika Kampala mwezi Juni hesabu ilitimia bila pengo. Damu ndiyo iliyokataa. Homoni ya kiume, iliyokuwa imeshuka hadi chini kabisa, ilikuwa imepanda tena.

Daktari Daphine alimwuliza kama vibandiko vinabanduka. Akamwuliza kuhusu jasho, kuhusu moto wa mashine, kuhusu joto la Juba. Fulgensio alijibu ndiyo kwa kila swali, na daktari akaandika yote. Akasema huenda vibandiko havifai kwa watu wanaofanya kazi kwenye joto kali, na kwamba jambo hilo itabidi liingie kwenye taarifa ya utafiti.

Fulgensio alitoka akiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Furaha hiyo ilifika mpakani Nimule ikaishia hapo. Basi lilipokuwa linakaguliwa, aliwatazama abiria wenzake: wapiga matofali, waokaji, mafundi kama yeye, wengi wao wazee.

"Nikasema, hawa watu watakuja kunyimwa hii dawa kwa sababu yangu," anasimulia. "Itaandikwa kwa kitabu kwamba kwa moto haifanyi kazi. Na inafanya! Mimi najua inafanya! Niliona aibu, nikalia pale kwa basi kama mtoto."

Hakupitia nyumbani. Alishuka na mzigo wake, akaenda moja kwa moja Nyakuron.

Jedidah anaikumbuka vizuri jioni hiyo. "Aliingia na vumbi la njia nzima, akakataa kukaa," anasema. "Nilimwambia, mzee wangu, si ungeniambia tu mapema? Tungemtafutia rafiki yako njia. Lakini singeweza kumgombeza sana. Alikuwa ashajigombeza."

Muuguzi huyo alipiga simu Kampala siku iliyofuata. Daktari Daphine alifuta dhana ya joto, akaandika kilichotokea. Fulgensio hakufukuzwa. Waliosaini kuingia, daktari alimweleza, hufuatiliwa hadi mwisho hata wakikosea, kwa kuwa makosa ya watu nayo ni sehemu ya kinachopimwa. Sharti lilikuwa moja: kila anapobandika, awepo shahidi wa kuthibitisha vinne.

Alipoulizwa shahidi atakuwa nani, alimtaja Arop. Jedidah alicheka, kisha akakubali.

Habari mbaya ilikuja nyuma ya ile nzuri. Arop alipimwa, na ugonjwa wake ukawa uleule, nao umefika mifupani. Jedidah akaomba apokelewe kwenye utafiti. Jibu likawa hapana: utafiti haumpokei mtu aliyekwisha kutumia tiba ya homoni. Ile nusu ya boksi, iliyotolewa kwa moyo mweupe, ndiyo iliyomfungia Arop mlango.

"Kama ningemleta kwa sista mwezi wa tatu, na yeye angekuwa ndani," anasema Fulgensio. "Mimi nilimpa kidogo, nikamnyima yote."

Sindano za kila mwezi nje ya utafiti zinashinda uwezo wa Arop. Ilibaki njia ya zamani, inayofanywa mara moja tu: upasuaji wa kuondoa korodani, ambazo ndizo kiwanda cha homoni hiyo. Jedidah alipomweleza, Arop alisimama, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Kwa miezi minne hakutaka kulisikia jambo hilo. Alisema alitoka vitani mzima na atazikwa mzima.

Lakini Jumatatu na Alhamisi hakukosa hata moja. Alikaa kwenye kiti chake, akahesabu, akaweka dole gumba. Aliona kifua cha rafiki yake, kile kinachofichwa sokoni, na hakumsimulia mtu.

Mwezi huu wa Novemba uandikishaji wa kura ya maoni, ya kuamua kama Kusini ijitenge na Sudan, ulianza. Arop alipanga foleni tangu asubuhi, mkono mmoja kwenye kiuno, akarudi na kadi yake na wino kidoleni. Kura ni Januari. Siku hiyo ndiyo alimwuliza Jedidah kama mtu aliyepasuliwa Desemba anaweza kusimama kwenye foleni Januari. Akajibiwa kwamba anaweza, mradi asichelewe.

"Mimi iko na watoto saba," anasema Arop sasa, uso mkavu kabisa. "Hizo kitu imefanya kazi yake. Kalas. Wacha ipumzike."

Wataondoka Jumapili ijayo kwenda Kampala, kwa basi moja. Fulgensio amepewa miadi wiki hiyohiyo, na amemaliza mapema milango miwili ya mteja wa mtaa wa Lemon Gaba ili asidaiwe kazi akiwa njiani. Upasuaji wa Arop ni Jumatano. Jumatatu, siku ya kubandika, watakuwa tayari Kampala, na karatasi ya shahidi imeshakunjwa ndani ya begi la Arop, pamoja na kidau cha wino na kadi ya kupigia kura.

Jenereta inawaka. Kabla ya kushusha kioo cheusi usoni, Fulgensio anaulizwa anatarajia nini mwakani. Anamtazama mzee aliyeketi upande wa pili wa ule mstari, ambao umefutika siku nyingi.

"Madaktari wanapima dawa, watatuambia," anasema. "Mimi naomba kitu moja tu. Kila Jumatatu ikifika, huyu mtu akuwe hapa, anihesabie."