Telefone Iliyofungua Ukurasa Mweupe

Mwaka ule watu wengi walikuwa wamekimbia vijiji vya upande wa Bule, na ndugu walipotezana njiani. Parokia yetu hapa Bunia ikaniomba nitengeneze ukurasa wa mtandao wenye majina ya waliopatikana: jina, kijiji, mahali mtu alipo, na picha yake. Niliutengeneza kwenye ordinatere, yaani kompyuta, ya ofisi ya parokia, nikajisifu kimoyomoyo.

Siku chache baadaye akaingia mama mmoja, mkimbizi wa Bule, anamtafuta mdogo wake wa kike. Nikaangalia, jina halikuwemo bado. Orodha ilikuwa ikiongezeka kila siku, lakini kutoka kambi ya wakimbizi alikokaa hadi kwetu ni mwendo mrefu, na goti lake lilikuwa limevimba. Akanionyesha telefone yake ndogo ya kubonyeza.

"Mutoto yangu, ku telefone yangu ukurasa yako inakuya nyeupe tu. Hakuna kitu."

"Mama, hiyo haina nguvu," nikamjibu, macho kwenye kazi yangu. "Utafute kubwa."

Hakukasirika. "Iko hii tu njo niko nayo," akasema, akaondoka akichechemea.

Maneno yale hayakuniacha. Nilijua kwamba kila telefone inapofungua ukurasa hujitambulisha kwa mstari mmoja wa maandishi: aina yake, na programu inayotumia. Basi nikaandika kode, maagizo ya kompyuta, ya kusoma mstari huo. Ikikuta telefone ndogo, itume majina matupu, bila picha zilizokuwa zikiilemea.

Mama aliporudi tukajaribu. Nyeupe tena! Kode yangu iliidhani telefone yake kuwa ordinatere. Majina ya aina za telefone nilikuwa nimeyatoa kwenye masomo ya watu wa mbali, na zile zinazouzwa katika soko letu hazikuwamo. Niliona haya.

"Mama, tuiulize yenyewe inajiita nani," nikamwambia.

Alicheka. Akaniachia telefone, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima bila kulalamika, huku nikinasa mstari wake na kuongeza jina la telefone hiyo katika kode. Mwishowe majina yakajitokeza kwenye kioo kile kidogo, moja chini ya jingine. Akaanza kuyasoma majina kwa sauti, polepole, kama anayeita watu nyumbani.

Mwezi haukuisha. Wakaingia ofisini wanawake wawili wameshikana mikono. Mdogo alikuwa amefika mji wa mbali wa Ariwara na watu wa kijiji kingine, ndiyo maana jina lake lilichelewa kuingia kwenye orodha.

"Yaya, dada yangu huyu, aliona jina yangu mu telefone," akaniambia. "Aksanti sana, baba."

Nikamwambia amshukuru dada yake. Mimi nilikuwa nimemfukuza kwa adabu, naye akarudi, kwa goti bovu. Padri alituletea chai. Tulikunywa wote wanne, na wale wawili hawakuachiana mikono hata kwa kushika vikombe.