Tundege tubili twa majivu

Mimi nimeuza na kununua kila kitu mu hii Bukavu, hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Lakini juzi, ku soko, nilifungua mufuko wa ngozi wa jumele ya zamani, ile ya kuangalia vitu vya mbali, na harufu yake ikanirudisha ku kijiji cha Miti, ku shamba la papa.

Papa alikuwa na jumele ya vile. Siku moja, nikiwa mutoto, nikaangalia nayo tundege tubili twa rangi ya majivu, tulikuwa tunakamata nzi juu ya miti. Nikasema tule tundege hatuko twa aina moja. Kaka yangu mukubwa akacheka mpaka akakaa chini.

"Njaa iko inakudanganya, petit! Tuko sawasawa."

"Acha rangi, grand. Haka kanakamata nzi, kanarudia ku tawi yake ile ile. Kale kengine kanaenda tu mbele."

Akaenda kula. Mimi nikakatala. Mvua ikanyesha, nikabaki pale, jumele ku macho, na nilikuwa nasema kweli.

Tangu ile siku, kila sikukuu ananichekelea mbele ya watoto wangu: "Muulize papa yenu habari ya tundege twake!"

Basi nikanunua ile jumele bila kubishana bei, nikamuita kaka ku nyumba yangu ya etaje, ya gorofa, kule Nyalukemba, nyumba nilijenga mimi mwenyewe. Tundege twa aina zile mbili tulikuwa ku miti ya jirani. Aliangalia mpaka chai ikapoa. Mwisho akashusha jumele.

"Petit, hatuko twa aina moja."

Ile neno ilinikulia dola makumi tano na tano za jumele.