Aliyesema "Mimi" kwa Watu Wawili

Mara ya kwanza nilipokutana na mkalimani yule nilidhani ananitukana. Nauza magodoro, na nilikitaka chumba cha mbele cha jirani yangu, fundi viatu, kwa sababu mlango wake unatazama barabara. Fundi ni kiziwi wa kuzaliwa. Akaitwa mwanamke wa makamo, akasimama kati yetu kwenye harufu ya gundi na ngozi. Mzee akachezesha mikono. Mwanamke akatamka, uso mkavu:

"Mimi naona una tumbo la mtu aliyemeza duka lake mwenyewe."

"We dada, adabu umeiacha wapi?"

"Si mimi, bosi. Ni baba."

Ndivyo wanavyofanya kazi. Hawasemi "mzee anasema." Mwenye neno akisema mimi, mkalimani naye husema mimi. Na kumbe fundi ni baba yake wa kumzaa. Ishara alizijua kabla ya kutamka. Ndugu zake walishaondoka, amebaki yeye nyumbani. Viziwi wanamhesabu kuwa wa wasikiao, wasikiao wanamwita mtoto wa bubu. Hata kanisani huketi benchi la peke yake.

Nikamvuta pembeni. "Egemea kwangu kidogo, sitakusahau."

"Tafuta dalali."

"Kwani wewe ni nani?"

"Dalali hana kwao, anasimama katikati tu. Mpatanishi lazima awe na kwao pande zote mbili. Kristo hakuwa nusu Mungu nusu mtu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ni Mungu kamili, na mtu kamili. Akisema 'mimi' kwa upande wowote, hajaazima. Mimi naazima."

Mimi ni mtu wa biashara, lakini hoja hiyo niliielewa: asiye wa upande fulani hawezi kuufungia mkataba.

Mazungumzo yakakwama. Mzee aling'ang'ania abaki na chumba cha nyuma na mlango wa pembeni. Nikapandwa na hasira.

"Nimekuchoka! Kaa na viatu vyako mpaka ufe!"

Binti akanigeukia. "Niyaseme hayo?"

"Yote."

Kwenye ishara, hasira hukaa usoni. Akauvaa uso wangu, mikono ikapanda, akamwambia baba yake amemchoka. Sijui kama uchovu ule wote ulikuwa wangu. Mzee alimtazama mpaka mwisho, kisha akatugeuzia mgongo. Kwa kiziwi, huko ndiko kufunga mlango.

Tulimalizana kupitia mkalimani mwingine, mgeni, aliyeletwa kutoka mbali. Nilikubali madai yote ya mzee. Nikamwambia pia kwamba maneno yale mabaya yalikuwa yangu, si ya mwanawe.

Mzee akajibu, "Maneno yalikuwa yako. Uso ulikuwa wake."

Nikamfikishia binti jibu hilo.

"Kristo naye aliachwa na watu," akasema, "akalia kwamba ameachwa na Mungu pia. Lakini pande zake zilipatana kupitia kwake. Mimi nimewapatanisha ninyi, nikabaki nje."

Sasa magodoro yangu yanaonekana barabarani, na biashara inakwenda. Mzee anashona nyuma, kwa mlango wake wa pembeni. Mchana binti humletea chakula, huweka sahani mezani, hugonga ubao ili mzee auhisi mtikisiko, halafu husubiri ageuke. Mzee huivuta sahani, akala ameukabili ukuta.