Mbunge Aliyenunua Nyumba ya Bwana Wake

Wakati wa vita vya kikabila mama na mimi tulikimbia mtaa wetu wa Kamenge, tukaingia katika nyumba moja ya mtaa wa Jabe ambayo wenyewe nao walikuwa wameikimbia. Katekista wa mtaa ndiye aliyetupa ufunguo.

Shuleni mwalimu wa historia alinipa kazi ya kuwasimulia wenzangu maisha ya mwanasiasa mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kwa hiyo jioni nilimfasiria mama huku akichagua ndagala, yaani dagaa, za kupika.

Mtu yule alizaliwa mtumwa. Nchi yake ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, aliichukua meli ya kijeshi ya mabwana wa watumwa, akampakia mkewe na watoto, akapita nayo mbele ya mizinga yao hadi upande wa uhuru. Baadaye alichaguliwa mbunge, akapigania shule za bure kwa watoto wote. Wapinzani walimwandama kwa vitisho mpaka wakamng'oa bungeni. Lakini alikuwa amekwisha kununua nyumba ya bwana wake wa zamani. Siku moja mke wa bwana yule, kikongwe aliyechanganyikiwa, aliingia akidhani bado ni kwake. Mbunge akamrudishia chumba chake.

Mama aliacha ndagala. "Na alimupa chakula?"

"Alimpa, mama."

"Basi huyo ni mutu."

Mwezi haukuisha, bibi mmoja alisimama mlangoni petu na mfuko mkononi.

"Hii nyumba ni yangu," alisema. "Sikuja kuwatoa. Nataka kuiona tu."

Niliogopa. Tukitolewa, tungeenda wapi? Mama akaupokea ule mfuko.

"Apana, bibi, usiione tu. Ingia. Chumba cha mbele ni chako."

Bibi alikaa nasi karibu miaka mitatu. Alimsema mama kila siku kuhusu chumvi. Sokoni alijulikana na kila mtu, na kwa ajili yake wachuuzi waliacha kututazama kama wageni. Risasi zilipolia karibu, alinilaza sakafuni akanifunika kwa mwili wake. Mpaka leo nawashukuru wanawake wale wawili, maana sikuwahi kusikia mmoja akimuuliza mwenzake kabila.

Mwanawe alipokuja kumchukua kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, bibi alimwambia mbele yetu, "Hawa usiwatoe."

Kitanda chake aliniachia mimi. Nilikilalia mpaka nilipomaliza shule.