Rangi ya Manowari

Mafuta ya mbarika yakichemka hutoa harufu nzito inayokwama kooni. Ukiyachanganya na udongo mweupe uliosagwa, harufu hiyo hupoa kidogo ikawa kama ya ukuta mpya ulionyeshewa na mvua. Ndivyo ilivyonuka nyumba yetu ya Newala msimu ule wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji kupita na kutuachia mashamba yaliyochomwa. Nyumba za wenzetu zilinuka moshi na ming'oko, mizizi ya porini tuliyoichimba kwa sababu muhogo ulikuwa umekwisha. Yetu ilinuka rangi. Mjomba wangu Likanga, kaka yake mama, alikuwa mchonga vinyago, na msimu ule alikuwa anachonga manowari ya Wajerumani, urefu wa mkono wa mtu mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nasaga rangi. Mjomba hakuwahi kuiona bahari. Mama hakuwahi, wala mimi. Kule kwetu juu hata maji ya kunywa tuliyafuata chini ya genge, ule ukingo mkali wa uwanda wetu. Wanawake walishuka alfajiri wakapanda jua likishakuwa kali, mtungi kichwani, na aliyejikwaa akamwaga aliketi palepale njiani akalia. Katika nchi ya namna hiyo ndimo tulimoijenga meli ya vita.

Haukuwa mchezo, ingawa mimi niliufurahia kama mchezo, Mungu anisamehe. Kaka yangu Chilumba alikuwa ameshuka Lindi na wenzake kuuza nta. Tulidhani vita vimekwisha. Kumbe huko pwani askari walikuwa bado wanawakamata vijana wa bara wenye chale usoni, wakisema wote hao wamekunywa ile dawa ya maji. Chilumba dawa hakuipenda kabisa. Hata ya minyoo mama alikuwa anambana pua ndipo anywe. Aliyetuletea habari ni jirani yetu Mzee Libaba, aliyekuwa mpagazi. Yeye alisimama ufukweni asubuhi jua linachomoza, akaona vijana waliofungwa pamoja wakipelekwa kwa mashua hadi kwenye manowari, na mmoja wao alikuwa Chilumba. Alimjua kwa mwendo, kwa vile anavyotupa mguu wa kushoto kama mtu anayeruka kijito. Lakini meli yenyewe hakuiona vizuri, maana jua lilikuwa nyuma yake. Aliona umbo jeusi tu, kama kivuli kilichosimama juu ya maji.

Habari hiyo peke yake ingetosha, tukalia tukanyamaza. Lakini akaja Mama Zuhura, mwanamke wa Lindi aliyekuwa akipanda kwetu na mizigo ya chumvi. Alituambia manowari zinazokuja Lindi ni mbili, umbo moja kama pacha. Moja nyeupe, yenye bomba la manjano la kutolea moshi. Hiyo hupeleka watu wa kunyongwa, na aliyeipanda hajarudi hata mmoja. Nyingine ni rangi ya majivu kuanzia juu mpaka chini. Hiyo hupeleka watu kujenga reli, na wa reli wataachiliwa kazi ikiisha. "Ninyi ulizeni tu alipanda ipi," alisema, kama anayetaja bei ya chumvi, akajitwika mzigo wake akaenda.

Mjomba alitaka tuweke matanga. Alisema tukae, tulie, tupike hicho kidogo kilichopo, tunyoe nywele, kijana apumzike na sisi tupumzike. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, lakini mama siku ile hakuiangalia desturi.

"Ninyoe kwa ajili ya mtu anayejenga reli?" alimuuliza. "Akirudi akanikuta na upara nimwambie nini?"

"Basi tungoje, dada."

"Sitaki kungoja. Nataka kuuliza."

"Utawauliza nini watu? Wameona kitu wasichokijua hata jina la sehemu zake. Huyu atasema pembe, yule atasema mkia."

Mama akamtazama mikono. "Wewe si unachonga? Chonga tuwaonyeshe."

Ndivyo ilivyoanza. Mjomba alikata gogo la ule mti mwepesi wa kuchongea vinyago vya ngoma, na Mzee Libaba akawa anakuja kila asubuhi kulikosoa, naye akilipwa kwa ming'oko miwili mitatu ya moto. "Punguza tumbo," alikuwa akisema. "Hii imeshiba mno, siyo ya mwaka huu." Au alifumba jicho moja akasema bomba lilale nyuma kidogo, kama mtu anayekataa kuondoka. Nguzo zilikuwa mbili, ya mbele fupi. Pua ya meli haikwenda mbele kwa juu kama mtumbwi. Ilikwenda mbele kwa chini, kama mdomo wa samaki aliyechukia. Mjomba hakumwamini, akabishana naye, mwishowe akachonga vile alivyoambiwa. Mimi nilikaa pembeni na jiwe langu la kusagia, nikimuweka Chilumba ndani ya kile kipande cha mti. Nilimpa mahali pa kulala karibu na bomba ili asipate baridi. Nilimpa jiko, na dirisha la upande wa kwetu. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana, nyumbani walinizoea.

Umbo lilipokamilika ikaja kazi ya rangi, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kila aliyekuwa Lindi siku zile tulimfuata na manowari imefungwa kwenye kaniki, tukamuuliza: asubuhi ile wanapelekwa vijana, meli ilikuwa rangi gani? Mchuuzi mmoja wa mpira wa mwitu alisema nyeupe, bila hata kufikiri. Mama aliketi chini. Mjomba akamuuliza nyeupe ya namna gani, maana mchongaji haambiwi nyeupe tu akaridhika. Nyeupe ya majivu ya mtama? Ya mfupa? Ya unga wa muhogo?

"Ya unga wa muhogo uliochekechwa," yule mchuuzi alijibu.

"Na bomba? Manjano ya papai au ya kiini cha yai?"

"Ee bwana, njaa hii unanitajia mayai?"

Watu wote walicheka isipokuwa mama. Tulirudi nyumbani nikasaga udongo wa korongoni mpaka ukawa laini kama poda, na kwa bomba tukatumia chembe za bizari alizotuachia Mama Zuhura. Manowari ikawa nyeupe, nzuri ajabu, ukiiangalia unaweza kusahau kazi yake. Mama hakula siku hiyo wala iliyofuata. Kisha akaja mwanamke wa kijiji cha Mnyambe, aliyekuwa amekwenda pwani kumzika dada yake. Yeye alisema sivyo, siku zile alizokuwa huko meli ilikuwa ya majivu, aliiona kwa macho yake, tena majivu ya kuni mbichi, yenye ubluu ndani yake. Mjomba akaikwangua ile nyeupe. Mimi nikachanganya udongo na masizi ya chungu, na mama akala, akashuka gengeni kuteka maji huku anaimba, na njiani aliwaambia wenzake kwamba reli ni kazi ngumu lakini Chilumba ana mgongo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ikija habari ya nyeupe, nyumba inazima. Ikija ya majivu, inawaka. Mzee Libaba tulimbana na kumbana tena, labda ameona japo ubavu mmoja, naye akaapa kwamba aliona kivuli tu, na kivuli hakina rangi nyingine. Mjomba alikwangua na kupaka, akakwangua tena, mpaka mti ukaanza kuisha na tumbo la meli likawa jembamba kuliko alivyotaka hata Mzee Libaba. Mwisho akaweka patasi chini akasema amechoka. Akaupaka ubavu mmoja mweupe na ubavu wa pili majivu. "Sasa geuzeni tu," alisema. "Anayeona hivi, haya. Anayeona vile, haya."

Mvua za kwanza zilipokaribia tukasikia kwamba Lupaso, kule chini upande wa Masasi, amerudi mtu aliyekuwa ndani ya manowari yenyewe. Jina lake Bakari. Tukaenda, mama, mjomba na mimi, tukiteremka kutoka uwandani hadi nchi ya mawe makubwa, tukilala kwa watu waliokuwa na njaa kama sisi. Mama aliibeba manowari mgongoni kama mtoto, na kila aliyetupita aliuliza kama mtoto ana homa.

Bakari tulimkuta kwa dada yake, amelala kwenye jamvi nje ya nyumba, kifua kinamkoroma. Shingoni alikuwa na alama ya chuma, ngozi iliyokufa ikang'aa.

"Shikamoo, kaka," nilimwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona mmekuja na wali?" Aliona kifurushi. Dada yake akamwambia asiwatanie wageni. Mama alikifungua kifurushi, akamwelekezea ule ubavu mweupe.

Bakari aliinuka kwa kiwiko. Aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye pua ya meli, kwenye bomba, akatabasamu kama aliyekutana na jirani. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe. Nani kaitengeneza?"

Uso wa mama ulibadilika. Akaigeuza upande wa majivu. "Na hii?"

"Ndiyo."

"Ipi sasa, mwanangu? Ile au hii?"

"Zote. Mmepata sawasawa, Mama. Ni meli moja."

Mjomba akasema kwamba Lindi wote wanajua ni mbili, umbo moja. Bakari akauliza nani aliyewahi kuziona zimekaa pamoja. Katika kuuliza kwetu kote, hilo hatukuwahi kuliuliza. Kisha akatueleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Yeye hakupelekwa popote. Waliomkamata walimbakiza kwenye meli kwa kazi. Walimning'iniza ubavuni kwa kamba yeye na wenzake, wakakwangua ile nyeupe, wakapaka majivu juu yake, kuanzia kwenye nanga mpaka nyuma kabisa. Harufu ya rangi ile ndiyo iliyomharibu kifua. Nikamwona mjomba anaviangalia vidole vyake mwenyewe vyenye udongo kwenye kucha. Yeye aliyeipaka manowari yake mara nyingi kiasi kile hakuwahi kuwaza kwamba meli kubwa nayo hupakwa. Kwetu kuta hupakwa, vinyago hupakwa, lakini chuma? Nani amewahi kupaka jembe rangi? Tulidhani rangi ya chuma ni ngozi yake, kama madoa ya kanga.

"Na watu?" mama aliuliza. "Ilipokuwa nyeupe ilipeleka watu wapi? Na ilipokuwa majivu?"

"Ilikwenda imejaa, ikarudi tupu. Nyeupe hivyo, majivu hivyo. Wengine walisema reli. Wengine walisema mengine. Sisi wa kamba hatukuambiwa."

Mama alimweleza jinsi Chilumba alivyo: urefu wake, chale zake, ule mguu wa kushoto. Bakari alifumba macho, na nilidhani amelala.

"Walikuwa wamefungwa, Mama," alisema mwishowe. "Aliyefungwa hana mwendo wake." Akakohoa, akafumbua macho. "Ukitaka niseme nilimwona, nitasema. Nitasema alikuwa mzima."

Mama alikunja kaniki taratibu, pembe kwa pembe. "Usiseme," alimjibu. "Pona tu."

Manowari tuliiacha palepale. Watoto wa yule dada waliifunga kamba wakaikokota mchangani, na mjomba, aliyeitolea jasho kuliko kazi yoyote ya maisha yake, hakugeuka nyuma. Njiani alimwambia mama kwa upole kwamba sasa tuweke matanga. Mama akasema hapana. Mjomba akamwambia basi tusherehekee, tuseme yu hai. Mama akasema hapana. Alivyosema hivyo ndivyo alivyokaa, nywele hazinyolewi wala hazisukwi, kipande cha shamba cha Chilumba hakilimwi wala hakigawiwi mtu. Bakari alifariki kabla ya mavuno. Mjomba akafuata baada ya miaka, akiwa bado anachonga vinyago, ila rangi nyeupe hakuitumia tena.

Leo Wajerumani wameondoka, wako Waingereza, na mimi naishi Lindi kwa mume wangu. Nimesoma kidogo, kiasi cha kuyasoma majina yaliyoandikwa kwenye pua za meli. Nimewaona vijana wakining'inia ubavuni na ndoo za rangi, wanatukanana na kucheka, na jioni wanalipwa wanakwenda zao. Siku hizi mtu akipotea unaweza kwenda ofisini ukauliza, na karani anakuuliza jina la meli. Nilikwenda mara moja. Nilimweleza umbo lote, pua, nguzo, bomba lililolala nyuma, na rangi zake mbili. Alikuwa kijana mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa hayo hawezi kutafuta.

Masika haya mama amefariki. Tulipokuwa tumekaa msibani Newala, mtoto wa mama mdogo, ambaye sasa ndiye mwenye neno, alinijia akaniinamia. Alisema mama hayupo tena wa kukataa, na watu wamekusanyika, na chakula kipo. Je, tumlie na Chilumba papo hapo, tumalize? Wanawake walikuwa na wembe na maji ya kunyolea tayari. Mimi ndiye niliyekuwa namuonea mama hasira miaka yote ile kwa kutufungia nyumba isilie wala isicheke. Nilifungua mdomo nikubali.

"Mlieni mama," nilisema. "Mama peke yake."